Tunataka kuanzisha kikundi cha wazazi wanaolea peke yao. Tuanzie wapi?

Swali: Ninalea watoto wawili peke yangu, mmoja ana miaka minane na mwingine mitatu. Mtaani kwetu tupo wengi wa namna hii: walioachika, wajane, na ambao hawakuwahi kuolewa. Mimi na wenzangu wawili tumekuwa tukisema tuanzishe kikundi cha kukutana na kutiana moyo. Lakini nikifikiria naona tutaishia kwenye umbea, au kitakufa baada ya miezi mitatu kama vikundi vingine nilivyoviona. Nani aongoze? Watoto tutawaweka wapi? Kina baba wanaolea peke yao tuwakaribishe? Tuchangishane hela? Naomba unieleze tangu mwanzo.

Jibu: Dada, umbea na kufa mapema ni hofu za kweli, na nitazijibu zote mbili. Ila kuna la tatu hukulitaja, na kwa ninavyoona mimi ndilo linalovunja vikundi vingi vya aina yenu: kikundi kinamtegemea mtu mmoja ambaye naye hana wa kumtegemea. Mwenyekiti wa kikundi kingine chochote akipata dharura nyumbani, mara nyingi yupo mwenzake wa kuishughulikia. Wewe mtoto akiamka na homa siku ya mkutano, utabaki naye, na ndivyo inavyopaswa. Lakini ufunguo wa ukumbi unao wewe, namba za simu unazo wewe, na watu wamesimama nje ya mlango uliofungwa, kila mmoja akiwa ametoka kwake kwa shida na mtoto mgongoni. Wakirudi nyumbani hivyo mara mbili, ya tatu hawaji. Kwa hiyo karibu kila nitakalokushauri linatoka hapo: kijengeni kikundi kinachoweza kukutana siku ambayo wewe haupo.

Mpo watatu tayari, na hiyo ni bahati kubwa. Msiitishe mkutano bado. Kila mmoja wenu azungumze na wazazi wawili au watatu, mmoja mmoja, ana kwa ana, na awaulize mambo matatu tu. Ni saa gani ya wiki inayokuelemea kuliko zote? Ukitoka nyumbani kwa saa mbili, watoto wanabaki na nani? Na ni kitu gani kingekufanya uje mara moja usirudi tena? Ukiwauliza watu wanataka kikundi kiwafanyie nini, watakujibu kwa adabu: semina, elimu ya biashara, ushauri. Swali la tatu ndilo linalotoa ukweli. Mmoja atakwambia hawezi kukaa mahali ambapo kila mtu anamlaani mwanamume aliyemwacha. Mwingine atasema akiona fulani yupo, yeye anageuza. Wa tatu atasema hana nguo ya kuja nayo mbele za watu. Hayo ndiyo mambo ya kupangia, na hayasemwi mbele ya kadamnasi.

Saa ya kukutana itokane na majibu hayo. Jioni inaonekana rahisi kwa sababu watu wametoka kazini, lakini kwa anayelea peke yake jioni ni zamu ya pili: kupika, kuogesha, kazi za shule, kulaza. Wengi huweza mchana wa mwisho wa wiki. Hapo kuna mtego mmoja ambao waanzilishi wengi hawauoni. Baadhi ya wenzenu watoto wao huenda kwa mzazi wa pili wiki moja ndiyo, wiki moja siyo. Mkikutana kila baada ya wiki mbili, mzazi huyo atakuwa ana watoto kila mkutano, au hatakuwa nao kila mkutano, mwaka mzima. Wengine wataona afadhali waje bila watoto, wengine wataona siku zao chache za kupumzika zimeliwa. Ulizeni kabla ya kuchagua. Kukutana kila baada ya wiki mbili kwenyewe nakuunga mkono: kila wiki ni mzigo, na mara moja kwa mwezi ni chache mno, maana aliyekosa mkutano mmoja anakaa miezi miwili bila kuwaona wenzake, na baada ya hapo anaona aibu kurudi. Dakika tisini zinatosha. Anzeni kwa saa mliyosema hata kama mpo watatu, na mfunge kwa saa mliyosema hata kama mazungumzo yamenoga. Kuna mtu amemwomba jirani amwangalizie mtoto mpaka saa fulani. Mkimchelewesha, mnamvunjia msaada wake wa pekee.

Kuhusu mahali, tafuteni chumba cha bure kisicho nyumbani kwa mtu: darasa, maktaba, chumba cha zahanati, ukumbi wa nyumba ya ibada. Nyumbani kwa mtu kunamfanya awe mwenyeji kila siku, na wenzake wanaanza kulinganisha fenicha. Nyumba ya ibada ni nzuri kwa kuwa ina viti na choo, ila ulizeni mapema kama aliyezaa nje ya ndoa, au wa dini nyingine, atakaa pale bila kuhisi anahukumiwa. Kama jibu ni la kusitasita, tafuteni pengine.

Sasa watoto. Mambo mengine mnaweza kuyakosea mkayarekebisha baadaye, hili hapana, kwa sababu bila mpango wa watoto hakuna kikundi. Atakayekuja ni yule tu mwenye mama yake karibu, na huyo ndiye ambaye shida yake ni ndogo kuliko za wengine.

Wachanga wasiofika mwaka wabaki na wazazi wao ndani ya duara. Bado hawaelewi mazungumzo, na kilio chao mtakizoea. Walioanza kuelewa maneno wasiwepo kabisa chumbani. Mtoto wa miaka minane anayejifanya anachora kwenye kona anasikia kila neno mama yake analosema kuhusu baba yake, na atalibeba. Kwa hiyo mnahitaji chumba cha pili au uwanja ulio karibu, na watu wazima wawili wa kukaa na watoto. Wawili, si mmoja, na asiachwe mtu mzima peke yake na watoto hata kwa dakika tano, hata awe mtu mnayemwamini vipi. Sheria hiyo inawalinda watoto, na inamlinda pia anayewaangalia dhidi ya maneno. Anayekwenda na mtoto chooni amwambie mwenzake, na mlango wa chumba ubaki wazi. Wekeni daftari: jina la mtoto, aliyemleta, saa aliyofika, namba ya simu, kitu kinachomdhuru kama ana mzio, na nani anaruhusiwa kumchukua. Mtoto asikabidhiwe kwa mtu ambaye hayumo kwenye daftari, hata akija na kusema yeye ndiye baba. Nasema hivyo nikijua kwamba siku moja atakuja.

Nani awaangalie? Wanachama wakipokezana, wawili kati yenu watakuwa wanakosa mazungumzo kila mara, na kikundi kikiwa na watu saba hiyo ni hasara kubwa. Tafuteni watu wa nje: bibi na babu ambao wajukuu wamekua, walimu wastaafu, wanafunzi wa vyuo vya ualimu au ustawi wa jamii wanaohitaji mazoezi. Msimwachie kazi hiyo binti wa miaka kumi na mitatu wa mmoja wenu. Watoto wakubwa wa wazazi wanaolea peke yao wameshageuzwa walezi nyumbani. Siku ya kikundi iwe siku yao ya kucheza.

Mkutano wenyewe hauna ufundi mwingi, ila ufundi wake mdogo ni wa lazima. Viti kwenye duara, hakuna meza ya mbele. Anayeongoza siku hiyo anafungua kwa kusoma kanuni, dakika moja tu, kila mkutano, hata kama wote wamezizoea, kwa sababu huenda kuna mgeni. Kisha mzunguko: kila mmoja ana dakika tatu za kusema jambo moja lililomlemea tangu mlipokutana na jambo moja lililokwenda sawa. Anayetaka kunyamaza anasema "napita", na asiulizwe kwa nini. Baada ya mzunguko mnarudi kwenye jambo moja au mawili yaliyoonekana mazito, na muda uliobaki ni wa hayo. Dakika kumi za mwisho kila mmoja anasema kitu kimoja kidogo atakachofanya kabla ya kukutana tena.

Kanuni inayovunjwa kuliko zote ni ya kutompa mtu ushauri ambao hajauomba. Chukua mfano. Mama anasema, "Juzi nilimchapa mwanangu kwa sababu alimwaga maji kitandani. Kusema kweli sikumchapa kwa ajili ya maji." Papo hapo mmoja anadakia: "Mimi ningekuwa wewe ningempeleka kwa bibi yake akapumzike." Mwingine naye ana kitabu alichosoma. Mama wa watu anajifunga, anasema "ni kweli, ni kweli", na hutamsikia tena mwezi mzima. Anayeongoza anachotakiwa kufanya ni kuinua mkono kidogo na kuuliza, "Dada, unataka tukusikilize tu, au unataka mawazo?" Mara nyingi watu wanataka kusikilizwa. Akiendelea kueleza, atakuja mwenzake na kusema wiki iliyopita alijifungia chooni dakika kumi huku watoto wanagonga mlango, na watu watacheka, na kicheko hicho kitamfaa yule mama kuliko ushauri wowote. Kisha anayeongoza aulize swali ambalo halipaswi kurukwa: "Na mtoto leo yukoje?" Jibu la swali hilo ndilo linalokuonyesha kama una mzazi aliyechoka au una mtoto aliye hatarini.

Kwa sababu hiyo, siri ya kikundi lazima iwe na mipaka, na mipaka itajwe siku ya kwanza kabla mtu hajafungua mdomo. Yanayosemwa humu hayatoki humu, isipokuwa mawili: mtoto anaumizwa au yuko katika hatari ya kuumizwa, au mtu anataka kujidhuru au kumdhuru mwingine. Hapo mtatafuta msaada, na mtamwambia mhusika kwamba mnautafuta, isipokuwa kumwambia kutaongeza hatari kwa mtoto. Wapo wanaoogopa kwamba maneno haya yatawafukuza watu. Anayekuja na kusikia mipaka wazi anaamini zaidi hayo mengine. Ahadi ya siri isiyo na mpaka itavunjwa siku moja, na siku hiyo kikundi kitavunjika nayo.

Kabla ya mkutano wa kwanza andikeni karatasi moja yenye namba za simu za mahali mnapoishi: ofisa ustawi wa jamii, polisi wanaoshughulikia watoto na ukatili wa nyumbani, msaada wa kisheria, zahanati au hospitali iliyo karibu, mshauri wa afya ya akili, na mahali pa kujihifadhi kwa anayekimbia kipigo. Pigeni kila namba mhakikishe inapokelewa. Watu wawili wawe na nakala. Kazi yenu ni kumsindikiza mtu mpaka mlangoni kwa wataalamu. Msijaribu kuwa wao, hasa kwenye mambo ya mahakama, ambako ushauri wa "mimi kwangu hakimu alisema hivi" umewaponza wengi, maana kila kesi ina mazingira yake.

Turudi kwenye umbea. Umbea ni kumzungumza asiyekuwepo, na kwenye kikundi chenu asiyekuwepo ana jina: ni mzazi wa pili. Msimkataze mtu kueleza hasira zake. Ana haki nazo, na pengine hana pengine pa kuzisemea. Lakini mkutano ukigeuka saa nzima ya kuwalaani wanaume au wanawake waliowaacha, watu watatoka wamechoka kuliko walivyoingia. Ninapendekeza kanuni mbili. Ya kwanza, zungumzia yaliyokupata wewe na mtoto wako, si tabia za mtu. Kati ya "ameahidi kuja kumchukua mtoto mara mbili hakuja, na mtoto alikaa mlangoni" na "yule ni mwongo tangu kwao", ya kwanza inasaidika. Ya pili, asitajwe mtu kwa jina. Mtaa ni mdogo. Aliyemwacha huyu anaweza kuwa kaka wa yule aliyekaa kushoto, na imeshatokea wanawake wawili wakagundua katikati ya mkutano kwamba wanamlaani mwanamume mmoja. Hapo ndugu mwezeshaji hana somo lolote alilosomea la kumsaidia.

Umeuliza kuhusu kina baba. Miongoni mwa vyama vya zamani vya wazazi wa namna hii ni Parents Without Partners, kilichoanza New York mwaka 1957, na walioanzisha ni wawili, Jim Egleson na Jacqueline Bernard, baba mmoja na mama mmoja, waliotafuta wenzao kwa kutangaza gazetini. Kule Ireland ikawa vingine. Mwaka 1972 mama asiyeolewa, Maura O'Dea, alianzisha Cherish pamoja na kina mama wenzake, wakati ambapo kuzaa bila ndoa katika nchi ile kulikuwa fedheha na wengi walishinikizwa kuwatoa watoto wao walelewe na wengine. Hicho kilikuwa cha kina mama kwa sababu fedheha ile ilikuwa ya kina mama. Yote mawili yalikuwa sahihi kwa mahali pake. Kwa hiyo msiulize kama kina baba wanastahili. Ulizeni waliopo wanakimbia nini. Kama kati ya mliozungumza nao wapo waliotoka kwenye kipigo na wataacha kuja wakimkuta mwanamume kwenye duara, anzeni kina mama peke yenu, na mtafuteni baba mmoja mwenye kuweza mumsaidie kuanzisha cha kwao. Kama hilo halipo, wakaribisheni. Baba aliyefiwa na mke na hajui kumsuka binti yake nywele kabla ya shule ana upweke wa aina yake, na wanaume wenzake hawana muda wa kuusikia.

Mkichanganyika, lisemwe wazi suala la mapenzi. Watu wazima wapweke wakikutana kila baada ya wiki mbili, wengine watapendana. Hamwezi kupiga marufuku. Semeni tu kwamba kikundi si mahali pa kutafutia mchumba, kwamba anayeongoza asimwendee mwanachama, hasa mgeni aliyekuja akilia, na kwamba wawili wakipatana wasilete ugomvi wao kwenye duara.

Jambo linalofanana na hilo, na watu hulisahau, ni tofauti za vidonda. Mjane na aliyeachwa wote wanalea peke yao, lakini mjane akisikia mwenzake anasema "bora angekufa", moyo unamchanika. Naye aliyeachwa akisikia mjane anapewa pole na mtaa mzima wakati yeye alipewa lawama, anaumia pia. Yupo na yule ambaye mwenzake yuko gerezani, au amekwenda mbali kutafuta kazi na haonekani. Anayeongoza asiruhusu mashindano ya nani ameumia zaidi. Neno "angalau" likisikika, "angalau wako yupo hai", "angalau wewe ulipendwa", alisimamishe palepale kwa upole.

Kuhusu uongozi, msichague mwenyekiti. Kuna kazi tatu: kuongoza mazungumzo, kushughulikia watoto na daftari lao, na kushughulikia ufunguo na mawasiliano. Mpo watatu, gawaneni, na kila baada ya miezi mitatu zungusheni. Kila kazi iwe na msaidizi anayejifunza, na funguo ziwe mbili kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Mgeni akija mara ya tatu mpeni kazi, hata ya kupanga viti. Mwaka 1965 mtaalamu wa Marekani, Frank Riessman, aliandika juu ya jambo ambalo wanaoshinda kwenye vikundi hivi wanaliona kila siku: anayemsaidia mwenzake mara nyingi ndiye anayenufaika zaidi na msaada huo. Mama aliyekuja akijiona ameshindwa kila kitu, siku akimpokea mlangoni mama mwingine anayetetemeka, anasimama wima. Ukishika kazi zote wewe kwa huruma, unawanyima wenzako dawa hiyo.

Simu sasa. Kikundi cha WhatsApp mtakihitaji, na kinaweza kuharibu kwa usiku mmoja mlichojenga kwa mwaka. Kiwe cha matangazo na dharura: mkutano upo, mahali pamebadilika, nani anaweza kumchukua mwanangu shuleni leo. Hadithi za mkutano zisiandikwe humo. Picha za watoto zisitumwe. Maneno kuhusu mzazi wa pili yasiandikwe kabisa, kwa sababu skrini hupigwa picha, na picha hizo zimewahi kuwekwa mbele ya mahakama katika mabishano ya nani akae na mtoto. Mahali mnapokutania pasitangazwe hadharani. Tangazeni namba ya simu, na anayepiga azungumze na mmoja wenu kwanza. Kama yupo anayetafutwa na mtu wa kumpiga, hiyo ndiyo kinga yake. Na wewe binafsi weka saa ya kuzima simu usiku. Waambie wenzako saa hiyo na uishike. Anayekupigia saa saba usiku kila siku anahitaji mtu zaidi ya mmoja, pengine anahitaji daktari, na wewe una mtoto wa miaka mitatu atakayeamka alfajiri.

Hela: kwa miezi sita ya kwanza, hapana. Najua mahitaji yapo na wazo la kuchangishana ni jema. Lakini hela ikiingia mapema, aliyeshindwa kutoa mchango anaacha kuja, na aliyeshindwa kutoa mchango ndiye mliyemkusudia. Saidianeni kwa vitu visivyo na deni: nguo zilizowabana watoto, zamu za kupeleka shule, kukaa na mtoto wa mwenzako akienda hospitali. Baadaye mkitaka mfuko wa akiba au wa kukopeshana, uwe shughuli ya pembeni kwa wanaotaka, siku nyingine, wenye daftari lake, watia saini wasiopungua wawili, na hesabu zinazosomwa mbele ya wote. Asiyeingia kwenye mfuko abaki mwanachama kamili wa duara. Kujiandikisha serikalini nako kusubiri, isipokuwa sheria za mnakoishi zinadai. Katiba na muhuri mtavihitaji siku mtakapotaka kupokea fedha au kufungua akaunti kwa jina la kikundi.

Wageni wataalamu waiteni mara chache, labda mkutano mmoja kati ya minne: mwanasheria wa matunzo ya mtoto, muuguzi, mwalimu. Aongee dakika ishirini, kisha maswali. Wataalamu wanapenda kuongea, mimi ni mmojawapo, na mkituachia tutamaliza muda wote.

Kuhusu kufa baada ya miezi mitatu. Mahudhurio yatashuka karibu na wakati huo, jiandaeni, na msiitane kwenye kikao cha lawama. Sababu ziko mbili. Moja, baadhi ya waliokuja walikuwa kwenye dharura, na dharura imepita. Kuondoka kwao ni matunda ya kazi yenu. Ya pili, adabu za mwanzo zimeisha. Mwaka huohuo wa 1965 mwanasaikolojia Bruce Tuckman alieleza hatua ambazo vikundi hupitia, na baada ya hatua ya kufahamiana huja hatua ya kugombana, kisha ndipo watu wanakubaliana jinsi ya kwenda. Kutakuwa na msemaji sana anayekula dakika za wenzake: mpeni saa ya kuhesabia dakika aishike yeye. Kutakuwa na anayenyamaza: msimsukume, mpeni kazi, ataongea akiwa anapanga viti. Kutakuwa na anayekuja akiwa na shida tu na kupotea zikiisha. Huyo mkaribisheni kila mara bila masimango, kwa kuwa kikundi kipo kwa ajili ya siku hizo hasa. Anayekosa mikutano miwili apigiwe simu na mtu asiye kiongozi, si kuulizwa mbona haonekani, bali kuambiwa mkutano ujao ni lini. Watatu wakifika, huo ni mkutano. Mkizidi kumi na wawili kwa mfululizo, gawanyikeni viwili, maana dakika tatu za kila mtu zinakuwa zimekula zaidi ya nusu saa na mazungumzo hayapo tena.

Ujumbe wa mwaliko wa kwanza uwe mfupi, na useme yale ambayo mzazi aliyechoka anataka kujua kabla ya kuamua. Kwa mfano: "Tunalea peke yetu, na tunakutana kila baada ya wiki mbili kuzungumza na kusikilizana. Ni bure. Watoto wanaangaliwa na watu wazima wawili chumba cha jirani. Si lazima uongee. Tunaanza saa nane kamili na tunamaliza saa tisa na nusu. Piga namba hii tukuelekeze." Wekeni namba mbili, yako na ya mmoja wa wenzako, na namba ya mwenzako itangulie.